Kuhuisha Extra Help: mwongozo kamili kwa wazee wenye Medicare na watoto wanaowasaidia

Barua inayoamua kama mzee ataendelea kupata msaada wa dawa mwaka unaofuata hufika, mara nyingi, kati ya Septemba na Novemba. Imeandikwa kwa Kiingereza, ina kurasa nyingi, na kwa mtu anayejaziwa sanduku la posta na matangazo ya bima katika msimu huo, haitofautiani sana na karatasi nyingine. Mzee huiweka pembeni ili mtoto au mjukuu akija amsomee. Mjukuu anachelewa. Januari inaingia, mzee anakwenda kuchukua dawa yake ya moyo na kutajiwa bei ambayo hajawahi kuisikia.

Kinachouma ni kwamba mzee huyo anaweza kuwa anastahili kabisa. Kipato chake hakijapanda, akiba yake ni ileile. Alichokosa ni jibu moja ndani ya bahasha ambayo tayari ilikuwa imelipiwa stempu. Katika msaada huu anayenyamaza huhesabiwa kama aliyeacha, na ndiyo maana ninasisitiza tangu mwanzo: ukipewa barua inayotaka jibu, ijibu, hata kama hakuna kilichobadilika.

Msaada wenyewe

Medicare ni bima ya afya ya serikali kuu ya Marekani kwa watu wa miaka 65 na kuendelea, pamoja na baadhi ya wenye ulemavu. Sehemu yake ya dawa inaitwa Part D. Ilianza mwaka 2006 na inatolewa na kampuni za bima zilizoidhinishwa na Medicare. Extra Help ni msaada wa serikali unaobeba sehemu kubwa ya gharama za Part D kwa mtu mwenye kipato kidogo na akiba ndogo. Kwenye karatasi nyingine utaiona imeandikwa LIS. Ni kitu kilekile.

Zamani kulikuwa na msaada kamili na msaada nusu. Tangu Januari 1, 2024 mgawanyo huo umeondolewa, na kila anayestahili anapata msaada kamili. Kwa mwaka 2025 maana yake ilikuwa hivi: hakuna kiasi unachotakiwa kulipa kwanza kabla bima haijaanza, kila unapochukua dawa hulipi zaidi ya dola 4.90 kwa dawa isiyo na jina la kibiashara na dola 12.15 kwa yenye jina la kibiashara. Na gharama zako za mwaka zikishafika dola 2,000, hulipi tena mpaka mwaka uishe. Ada ya kila mwezi nayo inafutwa, mradi umechagua mpango ambao bei yake haizidi kiwango kilichowekwa kwa jimbo lako. Aliyechelewa kujiunga na Part D hatozwi faini ya kuchelewa maadamu ana Extra Help. Viwango hivi hupandishwa kidogo kila mwaka, kwa hiyo tazama vya mwaka wako.

Hatua ya kwanza: jua uliingia kwa mlango gani

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu wanamuuliza jirani alivyofanya wakati jirani aliingia kwa mlango mwingine.

Mlango wa kwanza ni wa moja kwa moja. Ukiwa na Medicare na wakati huohuo una Medicaid kamili ya jimbo lako (bima ya afya ya wenye kipato kidogo), au unapokea SSI (malipo ya kila mwezi ya serikali kwa wazee na wenye ulemavu wasio na kipato cha kutosha), au jimbo linakulipia ada ya Part B, sehemu ya Medicare ya kumwona daktari, kupitia Medicare Savings Program, unapewa Extra Help bila kuomba. Hukujaza fomu yoyote ya Extra Help kuingia, na hutajaza ya kuihuisha. Kazi yako ni kuhuisha kile kilichokuingiza: Medicaid ikikatika kwa sababu hukujibu barua ya jimbo, Extra Help itaifuata baadaye.

Mlango wa pili ni wa maombi. Ulijaza fomu SSA-1020, wewe mwenyewe au mwanao mtandaoni, na Social Security, idara ya serikali inayolipa mafao ya uzeeni, wakakuandikia kwamba umekubaliwa. Wewe ndiye unayeweza kutumiwa fomu ya kukaguliwa upya.

Kama mzee hakumbuki, tafuta barua ya zamani ya kukubaliwa. Iliyotoka Medicare kwenye karatasi ya zambarau ni ya mlango wa kwanza. Iliyotoka Social Security ni ya mlango wa pili. Usipoipata, piga simu Medicare, 1-800-633-4227, uwaulize kama mzee ana Extra Help na ameipata kwa njia gani.

Kama uliingia kwa mlango wa kwanza

Kila mwaka Medicare hupokea kutoka majimboni majina ya watu wenye Medicaid na wanaolipiwa Part B, na kutoka Social Security majina ya wenye SSI. Kuanzia mwezi Julai orodha hizo ndizo zinazotumika kuamua nani ataendelea kuanzia Januari. Ukiwemo, msaada wako unaendelea mpaka mwisho wa mwaka unaofuata. Ndiyo maana mtu aliyekatiwa Medicaid mwezi Machi huendelea kuona bei nafuu kwenye dirisha la duka la dawa mpaka Desemba, akadhani mambo yako shwari. Hayako shwari: hakuwemo kwenye orodha ya Julai.

Kwa hiyo barua ya kuogopwa zaidi kwako ni ya ofisi ya Medicaid ya jimbo, na inaweza kufika mwezi wowote. Hakikisha wana anwani na namba ya simu ya sasa ya mzee. Wazee wetu huhama: leo yuko kwa binti yake Ohio, baada ya miezi michache yuko kwa kijana wake Texas. Barua inakwenda nyumba ya zamani, haijibiwi, faili linafungwa. Na akihamia jimbo lingine, Medicaid ya jimbo la kwanza haimfuati. Lazima aombe upya alikohamia.

Wenye SSI, Social Security hukagua kipato, akiba na mahali unapoishi kwa vipindi. Fomu hizo nazo zijibiwe kwa wakati, na safari ya kwenda nyumbani iripotiwe kabla ya kuondoka, kwa kuwa mwenye SSI akikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo malipo husimama. SSI ikiondoka, na kama hakuna Medicaid wala Medicare Savings Program ya kuishika nafasi yake, Extra Help haina tena cha kusimamia.

Rangi ya karatasi inakuambia la kufanya

Medicare huchapisha barua hizi kwenye karatasi za rangi, na hilo ni jambo la kushukuru, kwa sababu hata mzee asiyesoma Kiingereza anaweza kukuambia kwenye simu kwamba ameletewa karatasi ya rangi fulani. Mfundishe rangi.

Kijivu ndiyo ya dharura. Hutumwa mwezi Septemba kwa mtu ambaye mlango wa kwanza unamfungia kuanzia Januari 1. Ndani yake huwekwa fomu ya maombi ya Extra Help, kwa sababu mtu aliyepoteza Medicaid anaweza bado kustahili kwa kuomba mwenyewe. Ijaze mara moja. Ukisubiri mpaka Desemba, uamuzi unaweza kuchelewa na ukaanza mwaka ukilipa bei kamili.

Rangi ya chungwa huja mwanzoni mwa Oktoba na kusema kwamba bado unao msaada, ila kiasi unacholipa dirishani kitabadilika. Isome, itunze.

Buluu, mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, inasema Medicare itakuhamishia mpango mwingine wa dawa, ama kwa sababu mpango wako unafungwa, ama kwa sababu ada yake imevuka kiwango cha jimbo. Kabla hujakubali, angalia kama mpango mpya una dawa zako zote.

Ya hudhurungi hafifu huja Novemba na wengi huipuuza, kumbe ina jambo zito. Inapelekwa kwa mtu aliyechagua mpango wake mwenyewe, ambaye ada ya mpango huo inapanda juu ya kiwango. Kwa kuwa ulichagua mwenyewe, Medicare haitakuhamisha. Usipofanya kitu, kuanzia Januari utakuwa na Extra Help na bado utadaiwa ada kila mwezi.

Zambarau ni habari njema: umeingizwa moja kwa moja. Usiitupe, maana ni ushahidi utakaouhitaji dukani. Njano na kijani zinahusu kupangiwa mpango wa dawa, kwa mtu aliye na haki ya msaada lakini hajajiunga na mpango wowote.

Kama uliingia kwa maombi: fomu ya ukaguzi

Social Security huchagua watu wa kukaguliwa na kuwatumia fomu SSA-1026, kwa kawaida kabla ya Septemba kwisha. Si kila mtu huipata kila mwaka. Ukiipata, una siku 30 za kuijaza na kuirudisha. Matokeo yake, yawe mazuri au mabaya, huanza Januari 1.

Kabla ya kuandika chochote, kusanya taarifa za benki za miezi ya karibuni, barua ya Social Security inayoonyesha malipo ya mwezi, karatasi za pensheni kama ipo, vocha za mshahara kama bibi au babu bado anafanya kazi, na taarifa za akaunti ya kustaafu. Kama ana mume au mke anayeishi naye, taarifa za huyo pia zinahitajika hata kama yeye haombi msaada. Karatasi hizi ni za kukusaidia kujaza kwa usahihi. Usizitumbukize kwenye bahasha. Wakihitaji uthibitisho watakuandikia.

Fomu hizi husomwa na mashine. Tumia kalamu nyeusi na herufi kubwa, kila herufi ndani ya kisanduku chake. Usiandike alama ya dola. Usiandike maelezo pembezoni, hata kama una jambo la kueleza. Maelezo yatolewe kwa simu. Rudisha fomu halisi waliyokutumia, na kabla ya kuifunga ipige picha kurasa zote kwa simu. Picha hizo zitakuokoa wakisema hawakuipata.

Sehemu ya sahihi ina uzito wa kiapo. Anayesaini anathibitisha kwamba aliyoyasema ni kweli, na Social Security hulinganisha majibu na rekodi za kodi na za idara nyingine za serikali. Mume na mke wanaoishi pamoja wote wawili husaini. Mtoto aliyesaidia kujaza ana sehemu yake ya kuandika jina. Asisaini kwa niaba ya mzazi kwa kuwa tu mkono wa mzee unatetemeka. Kama mzee hawezi kusaini, piga simu uulize utaratibu.

Ukiona siku 30 hazitatosha, kwa mfano mzee amelazwa, piga simu kabla hazijaisha uombe muda. Usiache ziishe ndipo ujieleze.

Nini kinahesabiwa, nini hakihesabiwi

Nakaa hapa kwa muda, kwa kuwa hofu ya swali hili ndiyo inayowafanya wazee wengine waache fomu bila kujaza.

Kwa mwaka 2025, kikomo cha kipato kilikuwa dola 23,475 kwa mwaka kwa mtu mmoja na dola 31,725 kwa mume na mke wanaoishi pamoja. Hiyo ni asilimia 150 ya mstari wa umaskini uliowekwa na serikali kuu, na hubadilika kila mwaka. Alaska na Hawaii vikomo ni vya juu zaidi. Kikomo cha akiba na mali kilikuwa dola 17,600 kwa mtu mmoja na dola 35,130 kwa wanandoa, ikiwemo nyongeza ya dola 1,500 kwa kila mtu kwa ajili ya mazishi. Nyongeza hiyo unaipata ukisema kwenye fomu kwamba utatumia sehemu ya akiba kugharamia mazishi. Ni kisanduku kimoja tu, na wazee wengine hukiruka kwa kutopenda kuzungumzia kifo. Waelezeni kwa upole faida yake.

Nyumba unayoishi haihesabiwi. Gari halihesabiwi. Vyombo vya ndani, vito, eneo la kaburi na bima ya maisha havihesabiwi. Zinazohesabiwa ni pesa za benki, hisa, hatifungani, akaunti za kustaafu, na nyumba au kiwanja kingine mbali na pale unapoishi. Hapo wazee wetu wanahusika kwa namna ya pekee: mwenye nyumba ya pili au kiwanja Kisumu, Arusha au Bukavu asikiache nje ya fomu kwa kudhani hakionekani. Akitaje na aulize jinsi ya kukikadiria thamani. Kuficha mali chini ya sahihi ya kiapo ni hatari kubwa kuliko kukosa msaada.

Akaunti ya pamoja nayo ina mtego. Mwanao akiwa ameweka jina lako kwenye akaunti yake, au wewe ukiwa mtunza hazina wa chama na pesa za chama zimo kwenye akaunti yenye jina lako, pesa hizo zinaweza kuonekana kuwa zako. Bora chama kiwe na akaunti yake kabla msimu wa ukaguzi haujafika.

Upande wa kipato, msaada wa chakula hauhesabiwi, wala msaada wa nyumba, wala wa kulipia umeme na joto. Na hili lisikiwe vizuri: watoto wakimsaidia mzazi kulipia gharama za nyumba, kama kodi ya pango au chakula, msaada huo hauhesabiwi. Nimesikia wazee wakisema hawajazi fomu kwa sababu vijana ndio wanaolipa pango. Jazeni.

Mshahara huhesabiwa kwa huruma. Serikali huondoa dola 65 za kwanza za mshahara wa mwezi kisha huhesabu nusu tu ya kinachobaki. Babu anayelipwa dola 1,000 kwa mwezi kwa kazi ya usafi atahesabiwa kama ana dola 467.50. Tena, kutoka kwenye kipato chochote huondolewa dola 20 za jumla. Kwa hiyo usijikatae mwenyewe kwa kutazama jumla ya mwaka. Acha wao wapige hesabu.

Kama unaishi na ndugu wa damu au wa ndoa anayekutegemea kwa angalau nusu ya matumizi yake, mwandike. Mjukuu unayemlea anaweza kupandisha kikomo chako. Lakini ndugu walioko nyumbani unaowatumia pesa kila mwezi hawaingii kwenye hesabu hiyo, kwa kuwa hamuishi pamoja, na pesa unazowatumia hazipunguzi kipato chako kwenye fomu. Najua inavyouma.

Kupiga simu Social Security kwa Kiswahili

Mkalimani ni haki yako na ni bure. Namba ni 1-800-772-1213. Mashine itakapoanza kuzungumza, bonyeza 1, kisha kaa kimya. Usijibu maswali ya mashine kwa Kiingereza cha kubahatisha na usikate. Kimya chako kitaipeleka simu kwa mfanyakazi, naye mwambie neno moja: Swahili. Ataita mkalimani kwenye laini.

Mtoto anayepiga kwa niaba ya mzazi awe naye karibu. Watataka kumsikia mzee mwenyewe akitoa ruhusa na kujibu maswali ya kumtambua. Andika tarehe, saa na jina alilojitambulisha mfanyakazi. Na mkalimani akishakuja, mzee azungumze mwenyewe mambo yake ya pesa. Wazee wengi wanapata heshima yao hapo, kuliko kila kitu kupitia kinywa cha mtoto.

Kama unataka kukaa na mtu uso kwa uso, kila jimbo lina washauri wa Medicare wasiolipisha, chini ya mpango unaojulikana kwa kifupi kama SHIP. Hawauzi bima. Wapigie mapema, kabla ya Oktoba 15, maana kuanzia siku hiyo hadi Desemba 7 kila mtu anawatafuta.

Ndoa, talaka, kufiwa

Mabadiliko ya ndoa hayasubiri Septemba. Ukioa au kuolewa, ukitalikiana, mkitengana, mkirudiana, ndoa ikibatilishwa na mahakama, au mwenzi akifariki, waambie Social Security wakati huohuo. Watakutumia fomu ya ukaguzi wa tukio hilo, na unatakiwa kuirudisha ndani ya siku 90 tangu ulipotoa taarifa. Mabadiliko huanza mwezi unaofuata ule uliotoa taarifa. Mabadiliko mengine, kama mshahara kupanda au kushuka, hutazamwa kwenye ukaguzi wa kawaida na kuanza Januari.

Tusimwachie mjane au mgane aliye katika msiba jukumu hili peke yake. Kikomo chake kinashuka kutoka cha watu wawili hadi cha mmoja, lakini sheria ya afya ya 2010 iliweka muda wa mwaka mmoja wa ziada kabla ya kukaguliwa upya kwa aliyefiwa. Mtoto mmoja wa familia apewe kazi hii rasmi, kama vile mwingine anavyopewa ya kushughulikia cheti cha kifo.

Mpango wa dawa nao uangaliwe

Kuhuisha Extra Help hakukuhakikishii kwamba dawa zako zitakuwepo kwenye orodha ya mpango wako mwaka ujao. Kila Septemba kampuni ya bima hukutumia taarifa ya mabadiliko. Andika orodha ya dawa zote na vipimo vyake, mpe mshauri wa SHIP au piga simu Medicare, walinganishe mipango yenye ada sifuri kwa mwenye Extra Help. Ukikosea chaguo si mwisho wa dunia: mwenye Extra Help anaruhusiwa mara moja kwa mwezi kuhamia mpango unaojitegemea, yaani wa dawa peke yake.

Januari, dirishani

Wiki ya kwanza ya Januari chukua dawa moja mapema, usisubiri zote ziishe. Ukitajiwa bei kubwa wakati una barua ya kukubaliwa, tatizo ni kompyuta ya mpango wa dawa kutosomana na ya Medicare. Usilipe ukaondoka kimya. Mwonyeshe mfamasia barua ya zambarau, au ya kukubaliwa kutoka Social Security, au nakala ya kadi ya Medicaid, kisha pigia simu mpango wa dawa na uwaambie una uthibitisho. Wanalazimika kuupokea na kurekebisha bei, na ulichozidishiwa warudishe. Kwa hiyo tunza risiti.

Kama una haki ya msaada lakini huna mpango wowote wa dawa siku hiyo, mwulize mfamasia kuhusu LI NET. Ni bima ya muda ya Medicare kwa watu wa hali hiyohiyo, na duka linaweza kuitoza hapohapo.

Ukikataliwa

Barua ya kukataliwa inaeleza sababu. Isome sababu hiyo kwanza, kwa kuwa mara nyingine ni kosa la tarakimu moja au akaunti ambayo si yako. Una siku 60 tangu uipate kukata rufaa kwa fomu SSA-1021. Utachagua kusikilizwa kwa simu au faili lipitiwe bila mazungumzo. Chagua simu, na omba mkalimani. Mtu anayesikia sauti ya mzee akieleza kwamba pesa zile za benki zilikuwa za mazishi ya mume wake anaelewa jambo ambalo karatasi haisemi.

Kama tatizo ni akiba kuzidi kikomo, tazama mlango wa kwanza upya. Baadhi ya majimbo yameondoa kikomo cha akiba kwenye Medicare Savings Program. New York ni mojawapo, na mwaka 2023 ilipandisha kikomo cha kipato hadi asilimia 186 ya mstari wa umaskini, juu kuliko cha Extra Help yenyewe. Mtu akikubaliwa huko, Extra Help inamjia bila kuulizwa akiba yake. Hata fomu SSA-1020 inafungua maombi ya Medicare Savings Program kwenye jimbo lako, isipokuwa ukiweka alama kwamba hutaki. Usiiweke.

Kwa waliokuja kama wakimbizi

Hili ni jipya na linawagusa wazee wengi wa Kongo, Burundi na Somalia. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imepunguza makundi ya wasio raia wanaoweza kuwa na Medicare. Mkimbizi au aliyepewa hifadhi ambaye hajapata ukaazi wa kudumu hayumo tena, na waliokuwa tayari ndani muda wao unaishia Januari 4, 2027. Bila Medicare hakuna Extra Help, hata fomu ijazwe vizuri namna gani. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba ukaazi wa kudumu baada ya mwaka mmoja nchini. Kama mzee wenu bado hajaomba, nendeni mwezi huu kwenye shirika lililowapokea au kwa mwanasheria wa uhamiaji anayetambuliwa.

Msaada ukikoma kweli

Ukipoteza Extra Help, unapata miezi mitatu ya kubadilisha mpango wa dawa. Aliyearifiwa kwamba unaisha Desemba 31 anaweza kubadilisha kati ya Januari na mwisho wa Machi. Kikomo cha mwaka cha gharama za dawa, kilichokuwa dola 2,000 mwaka 2025, kinamlinda kila mwenye Part D, na unaweza kuuomba mpango ukugawie malipo hayo kwa miezi badala ya kulipa yote Januari. Insulini haizidi dola 35 kwa mwezi. Majimbo mengine yana msaada wao wa dawa kwa wazee: PACE huko Pennsylvania, PAAD huko New Jersey, na EPIC huko New York, ambayo inapokea mtu mmoja mwenye kipato cha hadi dola 75,000. Na kipato kikishuka tena, fomu SSA-1020 inaweza kujazwa siku yoyote ya mwaka.